Kamomaili au pareto? Pasua ua kwanza, ndipo uchemshe maji

SWALI: Niko Njombe. Mwezi wa tatu nilipanda mbegu za pakiti iliyoandikwa "kamomaili" tu, bila maelezo mengine. Sasa zimechanua, lakini jirani analima pareto na miche yake michache imevuka mpaka ikaota kwangu. Maua yote ni meupe yenye kitovu cha njano. Nimeshakausha kopo moja bila kutenganisha. Nitajuaje ipi ni ipi? Nasikia kuna kamomaili ya Kijerumani na ya Kirumi. Ya chai ni ipi? Nivune na kukausha vipi, na inasaidia nini hasa? Mama mkwe anashauri tumpe mjukuu wake wa miezi miwili anayesumbuliwa na tumbo.

JIBU: Dada, mambo mawili kwanza, kwa sababu hayo hayasubiri. Kopo hilo asinywe mtu mpaka ulichambue, na mtoto wa miezi miwili asipewe chai hiyo hata kijiko kimoja. Sababu zake nitazieleza, ila tuanze na ua lenyewe.

Chukua wembe na ua lililokomaa, lile ambalo petali zake nyeupe zimeanza kuinamia chini. Lipasue kwa urefu, kuanzia juu ya kitovu cha njano hadi kwenye kikonyo, upate nusu mbili. Sasa tazama kitako cha ua, yaani ile sehemu ya ndani ambayo vijiua vya njano vimekaa juu yake. Kamomaili ya Kijerumani, ambayo wataalamu wa mimea huiita Matricaria chamomilla, ina kitako kirefu chenye ncha na ndani yake ni kitupu, kama pilipili kichaa iliyotolewa mbegu. Pareto (Tanacetum cinerariifolium) ina kitako kipana, bapa au kilichotuna kidogo tu, na ndani kimejaa. Hakuna kipimo cha shambani kinachotenganisha mimea hii miwili kwa uhakika zaidi ya hicho. Usipime kwa ua changa, kwa sababu uwazi wa ndani haujatokea vizuri.

Ukishapasua matatu manne, macho yatazoea na utaanza kuona tofauti nyingine ukiwa umesimama. Ua la kamomaili ni dogo, upana wake sentimita 1 hadi 2.5, na shina moja hubeba matawi mengi yenye maua. Pareto hutoa ua moja moja kwenye kikonyo kirefu, na upana wake mara nyingi hufika sentimita 3 au zaidi. Majani ya kamomaili ni membamba kama nyuzi, ya kijani kibichi. Ya pareto yamechanika pia, lakini vipande vyake ni vipana na rangi yake ina kijivu. Kamomaili huishi msimu mmoja ikafa. Pareto ni kichaka kinachochipua tena kutoka kwenye shina lilelile mwaka hadi mwaka. Na ukisugua ua la kamomaili kati ya vidole linanukia utamu fulani wa tofaa, harufu ambayo pareto haina.

Kwa maua yaliyokwisha kukauka koponi, loweka machache kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi hivi yalainike, kisha uyapasue vilevile. Ukikuta hata vichwa vichache vilivyojaa ndani, mwaga kopo zima kwenye mboji. Pareto hulimwa kwa ajili ya pairethrini, dawa ya kuua wadudu inayokaa zaidi kwenye kichwa cha ua. Kwa binadamu si sumu kali kama viuatilifu vingi vya dukani, lakini hiyo si sababu ya kuinywa. Zaidi ya hapo, pareto inajulikana kwa kuwasha ngozi na kuchokoza pumu kwa wanaoishika mara kwa mara. Kuchambua kichwa kimoja kimoja ili kuokoa gramu hamsini hakulipi.

Sasa aina. Ya chai unayoiona kwenye pakiti za dukani, hapa kwetu na hata kwenye maduka ya dawa za asili Muscat na Dubai inakouzwa kwa jina la babunaji, karibu yote ni ya Kijerumani. Jina lisikudanganye: sehemu kubwa ya inayouzwa duniani hulimwa Misri, hasa mikoa ya Fayoum na Beni Suef. Ni mmea wa msimu mmoja, urefu wa sentimita 20 hadi 60, na ndio wenye mafuta ya kunukia ya rangi ya buluu. Buluu hiyo haimo kwenye ua bichi. Ndani ya ua kuna kitu kinachoitwa matrisini, kisicho na rangi, ambacho kikipigwa na mvuke wakati wa kukeneka, yaani kutoa mafuta kwa mvuke, hugeuka kuwa kamazulini, na kamazulini ndiyo yenye buluu. Kwa hiyo usishangae chai yako kuwa ya njano. Famakopia ya Ulaya, yaani kitabu cha viwango vya dawa, inataka kilo moja ya maua makavu itoe angalau mililita 4 za mafuta. Kwa kiasi hicho, kukeneka mafuta nyumbani kutoka tuta moja ni kupoteza maua.

Ndani ya aina hiyo kuna mbegu zilizoboreshwa. Bodegold ya Ujerumani na Zloty Lan ya Poland zina seti nne za kromosomu badala ya mbili, ndiyo maana vichwa vyake ni vikubwa na huvunwa kwa urahisi. Bona ya Slovakia inapendwa kwa wingi wa bisabololi, kiambato kinachotuliza ngozi. Pakiti isiyotaja jina la mbegu, kama yako, kwa kawaida ni mchanganyiko wa kawaida tu. Kwa chai ya nyumbani inatosha.

Ya Kirumi, Chamaemelum nobile, ni kitu kingine. Hii huishi miaka kadhaa, hutambaa, hufika sentimita 10 hadi 30, na ukipasua ua lake kitako kimejaa na kina vigamba vyembamba kati ya vijiua. Chai yake ni chungu zaidi. Ulaya Magharibi huitumia kwa tumbo na kwa manukato, na kuna aina moja isiyotoa maua kabisa, Treneague, inayopandwa badala ya nyasi kwenye bustani za Uingereza kwa sababu hunukia ikikanyagwa. Treneague haina mbegu. Hupandwa kwa vipande vya shina vyenye mizizi. Mtu akikuuzia "mbegu za Treneague", funga pochi. Ya Kirumi haipendi joto, na kwa anayetaka chai tu sioni faida ya kuhangaika nayo.

Kuna na jamaa wanaofanana ambao huweza kuingia kwenye mbegu za bei rahisi. Anthemis cotula ananuka vibaya na utomvu wake hutoa malengelenge kwenye ngozi. Kitako chake kimejaa. Tripleurospermum inodorum hana harufu, na kitako chake pia kimejaa. Matricaria discoidea hana petali nyeupe kabisa, ni kitovu cha kijani na njano tu. Huyo hana madhara, ila chai yake ni hafifu. Wembe uleule unawatoa wawili wa kwanza. Wa tatu unamwona kwa macho.

Kuhusu kupanda, mwezi wa tatu kwa Njombe ulichagua vizuri. Kamomaili huchanua wiki 8 hadi 10 baada ya kuota, kwa hiyo maua yamekuja mvua zikiisha, na hicho ndicho kinachotakiwa: mvua ikinyesha juu ya ua lililofunguka, harufu hupungua na ukungu huingia kabla hujakausha. Ndugu zako wa Limuru au Nyeri wakipanda mwezi wa nne, maua yatawaangukia kwenye mawingu na baridi ya mwezi wa saba, wakati hakuna kinachokauka; kwao ni afadhali wapande mwezi wa kumi wavune Januari. Tanga, Dar na Mombasa joto huikimbiza mmea ukachanua ungali mfupi, maua machache madogo. Huko wanunue tu.

Msimu ujao, kwa tuta la mita 10 za mraba, gramu 1 hadi 2 za mbegu zinatosha. Gramu moja ina mbegu zaidi ya elfu kumi, kwa hiyo changanya na vikombe viwili vya mchanga mkavu laini ndipo umwage kwenye mistari iliyoachana sentimita 30. Usizifukie. Hili ndilo kosa linalofanya watu waseme mbegu zilikuwa mbovu: mbegu za kamomaili zinahitaji mwanga ili ziote. Zikandamize kwa ubao zishikane na udongo, kisha mwagilia kwa kopo lenye matundu madogo sana au kwa bomba la kupulizia, kwani maji mazito huzisomba zote upande mmoja wa tuta. Zitaota kati ya siku 7 na 14 udongo usipokauka juu. Miche ikifika sentimita 5, punguza ibaki kila sentimita 15 hadi 20. Ukiiacha imesongamana, ubwiri unga utaingia, unga mweupe juu ya majani, na vidukari vitafuata. Miche ikianguka ikiwa imeoza shingoni ni kinyausi, na chanzo chake ni maji mengi na hewa kidogo. Mwagilia asubuhi, si jioni.

Mbolea nayo iwe ya kiasi. Debe moja la mboji iliyoiva kwa tuta hilo linatosha, na usiongeze yurea wala CAN. Nitrojeni nyingi hutoa majani ya kupendeza na maua ya kuhesabika, tena yaliyochelewa. Palizi ya wiki sita za kwanza ndiyo kazi kubwa, maana miche ni midogo na magugu ya mahindi huifunika haraka. Usipulizie dawa ya wadudu kwenye mmea ambao utakunywa ua lake lote bila kuliosha. Vidukari vipigwe kwa maji ya kasi au ukate tawi lililoshambuliwa.

Kuvuna kunataka jicho. Ua liko tayari petali zake zikiwa zimelala sawasawa, hazijainama sana, na karibu theluthi mbili ya vijiua vya njano vimefunguka. Utaviona: vilivyofunguka viko kwenye duara la chini ya kitovu, na vya nchani bado vimefumba. Ukivuna mapema harufu ni ndogo. Ukichelewa, hadi petali zimeinama chini kabisa, kichwa hupukutika kikikauka na kopo linabaki na vumbi la njano, ambalo hupita kwenye chujio likaingia kikombeni. Vuna asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali. Ingiza vidole vilivyotanuliwa chini ya maua, viinue, vichwa vikatike; kikonyo kinachobaki kisizidi sentimita 2 au 3. Wenye mashamba hutumia chana, kisanduku chenye meno kama kitana. Rudia kila baada ya siku 7 hadi 10, na utapata mivuno mitatu au zaidi kabla mmea haujachoka.

Usiache maua kwenye ndoo au mfuko. Yakirundikana kwa saa chache tu huanza kupata moto yenyewe, katikati ya rundo yakawa ya kahawia. Yatandaze mara moja kwenye chekecheke au kichanja chenye wavu, tabaka lisizidi sentimita 2 au 3, kivulini penye upepo. Jua la moja kwa moja hupausha rangi na kufukuza mafuta ya kunukia, yaani unakausha kile ulichokilimia. Kama una kikaushio, joto lisizidi nyuzi 40. Na usiyageuzegeuze. Yakishaanza kukauka, kila ukiyagusa vijiua vinadondoka.

Watu wengi hupima ukavu kwa petali, na hapo ndipo kopo hupata ukungu. Petali hukauka kwanza, siku ya pili tu. Kitako hukauka mwisho. Chukua kichwa ukifinye katikati: kikivunjikavunjika kimekauka, kikibonyea na kurudi kama mpira bado kina maji. Kivulini penye hewa ya Njombe hesabu siku 5 hadi 8, kutegemea ukungu wa asubuhi. Kilo 5 mbichi hutoa takriban kilo 1 kavu. Hifadhi kwenye kopo la bati au chupa ya kioo iliyofungwa barabara na kuwekwa gizani, uandike tarehe. Baada ya mwaka mmoja haina sumu, ila haina nguvu. Tuta lako likitunzwa vizuri linaweza kutoa kama nusu kilo kavu, ambayo ni vikombe 200 hivi.

Hesabu hiyo inatokana na kipimo cha kikombe kimoja: gramu 2 hadi 3 za maua makavu, yaani kijiko kikubwa cha chakula kilichojaa hadi kufura, kwa mililita 150 hadi 200 za maji. Maji yachemke, yamwage juu ya maua, funika, subiri dakika 5 hadi 10, chuja. Kufunika si mapambo. Mvuke unaotoka ndio unaobeba mafuta, na matone yaliyoganda chini ya kifuniko uyarudishe kikombeni. Usichemshe maua kwenye sufuria kama tunavyopika chai ya maziwa, utapata uchungu bila harufu. Kifuko kimoja cha dukani huwa na gramu 1 hadi 1.5 tu, ndiyo maana wengi huona kama maji ya moto: tumia viwili. Mtu mzima anaweza kunywa mara tatu hadi nne kwa siku, baina ya milo.

Inasaidia nini? Shirika la Dawa la Ulaya, EMA, linaikubali ya Kijerumani kwa msingi wa matumizi ya miaka mingi, kwa mambo madogo: tumbo kujaa gesi na misokoto midogo, vidonda vidogo na uvimbe wa kinywa na koo, nafuu ya mafua, na muwasho mdogo wa ngozi. Usingizi, ambao ndio watu wengi hununulia chai hii, haumo kwenye orodha hiyo. Ushahidi wake ni mdogo. Kikombe cha moto kisicho na kafeini jioni kinaweza kumtuliza mtu, na pengine hiyo ndiyo kazi kubwa. Haitibu vidonda vya tumbo, kisukari wala presha, hata kama lebo imeandikwa hivyo.

Kwa kinywa, tengeneza chai ileile, iache ipoe, usukutue mara kadhaa kwa siku. Kwa ngozi iliyowashwa, tengeneza nzito zaidi, gramu 30 kwa lita moja, lowesha kitambaa safi na ukiweke hapo. Kilichobaki kimwagwe baada ya siku moja, kwa kuwa maji ya maua ni chakula kizuri cha bakteria. Usioshee macho. Chai ya nyumbani haiko safi kiasi hicho, na chavua yake imewahi kuwaletea watu mzio wa macho. Kujifukiza kwa mafua ni sawa kwa mtu mzima, ila usimfunike mtoto shuka juu ya sufuria. Mafua hupona yenyewe, kuungua na maji ya moto ni hospitali. Habari ya kung'arisha nywele inahusu nywele za kimanjano za Wazungu. Kwenye nywele nyeusi hutaona kitu. Na mafuta yake ya chupa ni ya kupaka yakiwa yamechanganywa na mafuta mengine, hayanywewi.

Wapo wasiopaswa kuinywa. Kamomaili ni wa ukoo wa alizeti na pareto, kwa hiyo mwenye mzio wa mimea hiyo anaweza kupata vipele, uvimbe wa midomo, au kushindwa kupumua. Kama kuna mtu nyumbani mwako ambaye hupata mafua na vipele akishika pareto ya jirani, huyo asiijaribu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiinywe bila kumwambia daktari. Kuna mgonjwa nchini Kanada aliyevuja damu ndani kwa kuchanganya viwili hivyo. Anayetumia dawa za usingizi ajihadhari vilevile, na mjamzito asinywe kwa wingi.

Turudi kwa mjukuu. Mama mkwe hakosei kusema kuwa mimea hii hutuliza tumbo, ila mtoto wa chini ya miezi sita hapaswi kupewa chochote zaidi ya maziwa ya mama, hata maji. Kila kijiko cha chai kinachukua nafasi ya maziwa kwenye tumbo dogo sana. Isitoshe, maua yaliyokaushwa hubeba vumbi la udongo, na vijidudu vya botulini, vinavyotoa sumu ya kulegeza misuli, vinaishi kwenye udongo. Vimeshawahi kukutwa kwenye kamomaili ya kuuzwa. Utumbo wa mtu mzima huvimudu, wa kichanga hauwezi, na ndiyo sababu ileile asali hukatazwa kabla ya mwaka mmoja. Kulia kwa msokoto kwa kawaida hupungua mtoto akifika miezi mitatu au minne. Mpeni mgongo wa kubebwa, mcheulisheni kila baada ya kunyonya, mkandeni tumbo kwa kuzungusha kiganja upande wa mshale wa saa. Akitapika kijani, akiwa na homa, damu kwenye choo, au akikataa kunyonya, msisubiri kesho, nendeni kituo cha afya. Mama mkwe mtengenezeeni yeye kikombe, akiwa hana mzio.

Mwisho, mbegu. Chagua mashina matano au sita uliyoyathibitisha kwa wembe, yafunge uzi mwekundu, uyaache maua yake yageuke kahawia. Yakate asubuhi, yatikise ndani ya mfuko wa karatasi, kausha wiki moja zaidi. Pareto zilizovuka mpaka zing'oe na mizizi au mrudishie jirani akazipande. Zingine za kamomaili zitadondosha mbegu zenyewe, na mvua za kwanza mwezi wa kumi na moja utaziona zimeota mpaka kwenye njia. Ng'oa zilizoota mahali usipotaka zikiwa bado ndogo, kwa kuwa mwaka wa pili zitakuwa gugu kwenye maharage.